Kulungu Niliyemwachia Mtu Msituni

Asukulu, ndugu yangu,

Jana tumemaliza kilio chako. Tulikaa Euless, nyuma ya jengo anakokaa mkeo, shemeji Furaha, siku hizi, viti vimetengana, kila mtu na barakoa yake. Watu walikula mbuzi. Ilitakiwa wale nyama ya kulungu, na kama hawakuila ni kwa sababu yangu. Ndiyo maana nakuandikia leo. Nimechoka, lakini kulala nimeshindwa.

Wewe ulikuwa hospitali kule Houston peke yako, na mimi nilikuwa hapa Mesquite na simu mkononi. Nesi alituwekea video dakika chache. Nikakuita, hukunijibu. Kukuzika nako tulikuzika kwa simu, Asukulu. Mchungaji alikuwa anasoma, picha ikawa inaganda, na ilipoganda mara ya mwisho jeneza lilikuwa bado juu. Ilipofunguka udongo ulikuwa umeshasawazishwa. Sikukuona ukishuka. Mpaka leo kichwa changu hakijakubali vizuri.

Kwa hiyo niliposhika tena njia ya msituni mwezi huu, kuna sehemu yangu iliyokuwa inategemea kukukuta.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwaka 2017, ghalani Garland, tunapanga matairi. Yule mzee aliyeendesha foklifti akatuonyesha picha ya kulungu aliyempiga kwenye shamba la baba yake. Mimi nilimpongeza tu nikaendelea na kazi. Wewe ukamuuliza, mtu asiye na shamba anawinda wapi? Akasema iko misitu ya umma, kata leseni uingie, ila utakuta watu wengi kuliko kulungu. Akacheka. Wewe hukucheka. Jioni ile kwenye gari ukaniambia, "Damas, tunaenda ao hatuendi?" Nikasema tunaenda. Sikujua nimekubali nini.

Darasa la usalama wa bunduki tulikaa Jumamosi nzima na watoto wa miaka kumi na mbili waliokuja na baba zao. Wewe ndiye uliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Leseni ilipotoka uliiweka kwenye pochi mbele ya kitambulisho, mtu akikuomba kitambulisho unatangulia kutoa leseni ya kuwinda.

Halafu shemeji akapata kazi ya kutunza wazee Houston, mkahamia huko. Nilidhani mambo ya kuwinda yameisha. Kumbe ule msitu wa umma tuliouchagua uko njiani, karibu zaidi na kwenu. Mimi nikawa nashuka saa tatu nzima, wewe unapanda saa moja na kitu, tunakutana getini alfajiri. Mke wangu alisema sijawahi kuwahi kanisani jinsi ninavyowahi kwenda kukaa kwenye baridi.

Na tulikaa kweli. Misimu mitatu, Asukulu. Mwaka wa kwanza tuliamka mapema kuliko ndege, tukafika, tukakuta pikapu zimejipanga pembeni mwa barabara kama harusini. Kila mti tuliouchagua juma lililotangulia ulikuwa na mtu. Mwaka wa pili tuliacha kile kiti cha kupandia mti, tumekifunga kwa mnyororo, tukarudi Jumamosi iliyofuata tukakuta kiti hakipo, mnyororo umekatwa na umeachwa pale pale chini, umekunjwa vizuri. Uliuokota ukasema, "Hata mwizi wa huku ana adabu." Ulisema hivyo mdomoni tu. Njia nzima ya kurudi kwenye magari uliubeba mnyororo ule mkononi.

Mwaka jana ndio ulionimaliza. Yule dume aliyekuwa anakuja taratibu kwenye kijito, sisi tuko juu ya mti, wewe umeshainua bunduki, unasubiri ageuze kichwa upime kama pembe zimepita upana wa masikio kama sheria inavyotaka. Ghafla wakatokea jamaa wawili chini yetu, mmoja anaongea na simu kwa sauti, anamweleza mtu habari za betri ya gari. Dume akaruka mara moja tu, hatukumwona tena. Jamaa akainua macho, akatuona juu, akatupungia mkono kwa furaha kabisa. Na wewe ukampungia!

Siku ile nilikwambia maneno ambayo ningependa kuyarudisha. Nilisema mimi basi, siwezi kuendelea kugombania miti na watu. Nikasema tutafute mtu mwenye shamba, tumwombe, tuwinde kwa amani kama watu. Ukasema, "Damas, miaka kumi na nane nilikaa kambini, mkimbizi, nikiomba ruhusa. Ya kutoka, ya kurudi, ya kukata kuni. Hapa siombi mtu. Hapa ni pa wote na mimi nimo." Nikakujibu kwamba pa wote ndipo tunapokosa kila siku. Ulivua kizibao chako cha rangi ya chungwa, kile kila mwindaji anachotakiwa kuvaa, ukakikunja, tukaagana kwa kushikana mikono tu. Hatukuwinda tena pamoja.

Baada ya mazishi shemeji alihamia Euless kwa dada yake. Amepata kazi karibu na uwanja wa ndege, jikoni, anapanga vyakula vya ndege kwenye vitoroli. Binti yako Esta anaendelea na chuo kwa kompyuta, amejifungia chumbani. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, lakini nimemsikia akimwimbia mama yake Kibembe alipodhani hakuna mtu. Wapo. Wanajikokota.

Mwezi wa kumi shemeji alinipigia. Alisema wazee wamepanga kumaliza kilio mwisho wa Novemba. Kisha akasema, "Shemeji, bunduki yake iko hapa, sijui niipeleke wapi. Ichukue. Na kama Mungu akijalia, utuletee ile nyama aliyoifukuza miaka yote. Watu waionje." Ungekataa wewe? Niliichukua, na kizibao chako pia nikakichukua.

Asukulu, mwaka huu watu ni mara mbili. Ugonjwa umefunga kila kitu, waliokuwa wanaenda mpirani na sinema wote wamehamia msituni. Jumamosi ya kwanza sikupata hata pa kuegesha. Ya pili nilipata mti, saa mbili familia nzima ikaja na mbwa kutembea. Askari wa wanyamapori alipita, akaangalia karatasi zangu, akaniuliza kama nimeona chochote. Nikamwambia nimeona mbwa. Akacheka, akasema ndivyo wanavyosema wote.

Jumamosi iliyofuata, juma moja lililopita, nilitembea mbali. Nilivuka kijito, nikapita pale penye miti iliyoungua, nikaendelea mpaka sikusikia barabara. Nikakaa chini, mgongo kwenye msonobari. Saa mbili na nusu akatoka dume. Mkubwa, shingo imenenepa, pembe zimepita masikio huku na huku. Alisimama ubavu wake wa kushoto ukiwa kwangu. Nilisikia sauti yako ikiniambia nivute pumzi. Nikapiga.

Aliruka, akakimbia. Muda si mrefu nikasikia mlio mwingine wa bunduki, mbele kule alikoelekea. Nikasubiri nusu saa kama tulivyofundishwa, nikafuata damu. Damu ilikuwa nyingi, sikuhitaji hata kuinama. Nilipopanda kilima kidogo nikaona rangi ya chungwa. Watu wawili, baba mzee mzungu na mwanamke mtu mzima, nadhani bintiye. Kulungu yuko miguuni mwao. Yule mzee alikuwa ameshakata tiketi ya kumdai mnyama kwenye leseni yake na alikuwa anaifunga kwenye pembe.

Nikasalimia. Nikamweleza kwamba huyo nimempiga mimi, nimefuata damu yake kutoka kule. Akasema hapana, yeye ndiye aliyempiga, mbele ya macho ya binti yake. Nikaangalia. Tundu la risasi lilikuwa moja, ubavu wa kushoto. Yeye alikuwa amekaa upande wa kulia wa njia aliyokimbilia mnyama, kiti chake bado kilikuwa pale. Nikamwonyesha. Yule mwanamke alilitazama lile tundu, akamtazama baba yake, kisha akatazama viatu vyake. Mzee akarudia, sauti imepanda kidogo, "Huyu ni wangu." Hakunitukana. Hakuniinulia bunduki. Naomba ulijue hilo, nisije nikamzidishia.

Ningeweza kumpigia askari. Namba ilikuwa kwenye leseni. Lakini nilijiona pale, mtu mweusi na bunduki, wao wawili, mimi mmoja, na lafudhi yangu, nikianza kueleza mambo ya ubavu wa kushoto. Nikasikia uchovu. Si wa siku ile tu. Wa kiti kilichoibwa, wa simu yako iliyokuwa inaganda, wa kila mahali nilipoambiwa subiri pembeni. Nikamwambia, sawa mzee, hongera. Nikageuka.

Hongera! Nilimpa na hongera.

Jioni nilimpigia shemeji nikamwambia sikuona kitu. Akasema pole, atanunua mbuzi. Nikakata simu nikakaa kwenye gari nje ya nyumba yangu mpaka mke wangu akatoka kuniuliza kama nimeumia.

Siku nne nilikaa na uongo ule. Alhamisi nikaenda Euless, nikamkuta ametoka kazini, bado amevaa kile kikofia cha wavu kichwani. Nikamwambia yote, kuanzia damu mpaka hongera. Nilitegemea alie, au anifukuze. Aliketi, akavua kikofia, akasema, "Na yeye aliniambia hivyo hivyo."

Ndipo akanisimulia kitu ambacho wewe hukuwahi kuniambia katika zile saa zote juu ya miti. Kwamba kule kambini, Esta akiwa bado ananyonya, ulitoka ukatega, ukapata paa. Walinzi wakakukuta njiani. Wakachukua paa, wakakuchapa, wakakuachia. Ulifika nyumbani ukasema hukuona kitu. Shemeji alijua wakati unaoga, alipouona mgongo. Alisema alikasirishwa na uongo kuliko fimbo. "Kwa nini mnafikiri sisi tunataka nyama?" akaniuliza. "Mimi nilitaka mtu arudi aniambie kilichompata."

Nikafikiria siku ile ya ugomvi wetu, nilivyokwambia habari za kuomba shamba. Ningejua, nisingesema. Na wewe ungesema, ningejua. Ona tulivyokaa bega kwa bega misimu mitatu, tumenyamaza ili kulungu wasitusikie, na hata baada ya kuwinda tukaendelea kunyamaza.

Jana basi, tukala mbuzi. Alikuwa mzuri, dada yake shemeji alimpika na ndizi. Mchungaji aliomba kwa ufupi maana upepo ulikuwa mkali. Ilipofika zamu ya marafiki kusema neno, nilisimama nikawaambia watu habari ya kulungu. Yote, hata sehemu yangu ya kuondoka. Sikutaka iwe siri ya watu wawili. Mzee mmoja wa kwetu Fizi akasema mimi ni mjinga, ilibidi nipige simu. Mwingine akasema nimefanya la maana, angalau niko hai nakula mbuzi. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Esta alikuwa ameegemea mlango. Akasema kwa Kiswahili, polepole kama anayevuka maji, "Baba angebaki pale."

Ni kweli. Ungebaki. Ungekaa chini kando ya yule mnyama na karatasi zako zote mkononi, mpaka aje askari, hata kama angekuja kesho yake. Na labda ungempoteza vilevile. Sijui. Lakini yule mzee angeenda nyumbani akijua jina lako.

Msimu unafungwa wiki ya kwanza ya Januari. Sina hamu, Asukulu, sitakudanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Mgongo unauma na nimechoka kugombania miti. Lakini shemeji amesema nikienda tena anakuja na mimi. Hatabeba bunduki. Amesema, "Ukiwa peke yako wao watakuwa wawili siku zote. Mimi nitakaa tu, nione mlikuwa mnafanya nini huko." Nimemtafutia buti.

Kwa hiyo nakuahidi. Nitaenda naye. Nikipiga, nitafuata damu mpaka mwisho wake, na nikimkuta mtu amesimama juu ya mnyama, nitasema jina langu, nitapiga ile namba, na nitasubiri. Tukimpata tutawapikia watu. Tukikosa, nitarudi niseme tumekosa, na jinsi tulivyokosa.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Huko uliko natumaini umekaa pazuri, na hakuna anayekuja kukuuliza umekaa mahali pa nani.

Ni mimi,
Damas