Chombo cha Keki Kilichokuja Kitupu

Munje, Msambweni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiamini umeamka salama, na kwamba goti halikusumbui sana kwenye ule mteremko wa kwenda shambani. Ng'ombe amezaa? Mwakio aliniambia mnangoja, kisha hakuniambia tena. Ndugu yangu huyu kwenye simu ni mtu wa kusema "tuko sawa" na kukata. Najua baridi ya Wundanyi imeshaanza na kwamba unaamka ukiwa umejitanda ile shuka nzito hadi jua litoke. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini ni kwa joto, si kwa ugonjwa.

Huenda utashangaa kuona karatasi. Nimepiga simu mara nyingi, na kila mara anapokea Mwakio, na kila mara wewe uko shambani, hata mvua ikinyesha, hata saa ambazo najua hakuna mtu aliye shambani. Sikulaumu. Nimeona tu kwamba barua haina mtu wa kuipokea kwa niaba yako. Ukitaka kuinyamazia, utainyamazia wewe mwenyewe.

Habari za kazi kwanza. Ile hoteli ya Diani nilikokuwa jikoni, upande wa keki, ilipunguza wafanyakazi, wageni walipoadimika baada ya mwaka mpya. Sisi vibarua tuliondoka mwanzo. Sikukwambia kwa sababu sikutaka usikie sauti yangu nikikwambia. Niliacha chumba cha Ukunda nikaja huku Munje, ambako wanaume wengi wanavua na wanawake wanalima, nikapanga chumba kimoja nyumbani kwa mjane anayeitwa Bi Mejumaa. Yeye huoka mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, na kuwauzia majirani. Anaishi na bintiye, Riziki, ambaye yuko sekondari. Tangu Bi Mejumaa aliposikia nimesomea kemia ananiita Mwalimu. Nilimwambia kuwa sijawahi kufundisha. Akasema, "Si kitu, Mwalimu."

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Unakumbuka kwamba mwaka jana, nilipokuwa nimeshakataa ile nafasi ya kufundisha uliyoniombea kwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana na nimeshateremka pwani, Mwakio alikuja Mombasa na kunikabidhi mzigo wako. Ulikuwa gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na chombo chako cha keki, kile chenye umbo la ua, chenye mifereji pembeni na bomba katikati, alichokuachia mtawa wa misheni siku alipoondoka jikoni mlikofanya kazi pamoja. Nilitazama ndani. Nikaingiza vidole ndani ya bomba. Nikakung'uta gunia. Hakukuwa na kitu, wala karatasi, wala ndizi, na Mwakio alipoulizwa umesema nini alijibu, "Hakusema. Alisema nisikiangushe."

Chombo hicho hukuwahi kumruhusu mtu akiguse. Kila Krismasi ulikuwa unakiteremsha kutoka juu ya kabati, unaoka keki ya maganda ya limau, na ulipofika wakati wa kukigeuza tulisimama kimya sote, hata Mwakio. Ulikuwa unazuia pumzi. Nilidhani watoto wote duniani wanamwona mama yao akizuia pumzi Krismasi. Kwa hiyo kilipokuja kwenye gunia, kitupu, bila neno, nilielewa hivi: chukua, na Krismasi zangu hazikuhusu tena. Nilikisukuma chini ya kitanda. Nilipohamia Munje nikakisukuma chini ya kitanda kingine.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Jioni ya kwanza Riziki aligonga mlango akiwa na sahani iliyofunikwa: muhogo wa nazi, mbaazi, na kipande cha samaki. Nilikula. Niliosha sahani kwa sabuni, nikaifuta, nikaipeleka, nikasema asante sana, shikamoo, usiku mwema. Jioni ya pili ikaja sahani nyingine, nikafanya vilevile. Ya tatu Bi Mejumaa aliipokea mwenyewe, akaigeuza huku na huku kwenye taa.

"Mwalimu," akasema, "umeiosha ikang'aa. Nimejiona uso mle."

Nilidhani ananisifu. Riziki alinifuata uani akiwa ameziba mdomo kwa ushungi.

"Dada, ile sahani umeirudisha na nini?"

"Na asante."

Alicheka mpaka akachuchumaa. "Asante hailiwi, dada! Sahani ya jirani hairudi hivihivi. Unaweka chochote. Hata ndimu. Hata chumvi. Ikirudi tupu ni kama umesema basi, tusijuane."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alisema watu wa bara tuwape siku tatu."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Sikuwa na ndimu. Kwenye kikapu nilikuwa na unga, sukari, mayai, na kopo la kakao nililolipata siku za hoteli. Na chini yangu, chini ya kitanda, kulikuwa na kile chombo. Nilikaa nikifikiria lile neno, tupu, kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Kesho yake mchana nilikitoa. Maziwa sikuwa nayo, nikatumia tui la nazi. Tanuri hakuna hapa. Nilifanya kama Bi Mejumaa anavyofanya mkate wake: sufuria kubwa juu ya jiko, mchanga chini, chombo ndani, kisha kifuniko cha bati na makaa juu yake, ili moto upande na ushuke. Keki ya chokoleti ina ugumu wake, Mama, tofauti na ile yako ya limau. Yako ilikuwa inajionyesha: ikiiva inapata rangi. Hii ni nyeusi kabla ya kuiva, nyeusi ikiiva, na nyeusi ikiungua. Ukiitazama haikwambii lolote. Nimekuja kugundua kwamba inasikika. Ikiwa mbichi inachemka kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, na ikiiva inapunguza. Ninainama na sikio karibu na sufuria, na majirani wameshazoea.

Ile ya kwanza niliigeuza mapema mno. Nusu ya ua ilitoka, nusu ikabaki kwenye mifereji. Niliichokoa kwa kijiko, nikaishindilia, nikaipeleka hivyohivyo. Bi Mejumaa alikuwa uani akichekecha unga wa mchele.

"Subhanallah. Imeungua?"

"Hapana, Bi Mejumaa. Ni kakao. Ndiyo rangi yake."

"Basi imeungua kwa kupenda." Akaizunguka. "Na hapa katikati? Nani ametoboa na mchana wote huu wa mfungo?"

"Mama, mimi nimefunga!" Riziki akapiga kelele kutoka jikoni.

"Nani amekuuliza wewe? Mbona wajitetea?"

Ilipoadhiniwa walifungua kwa tende, kisha wakaonja. Mimi nilisimama mlangoni kama anayengoja matokeo ya mtihani. Bi Mejumaa alitafuna taratibu, akalamba kidole.

"Sura haina," akasema. "Adabu inayo."

Tangu siku ile sahani haikukoma, na mimi sikurudisha tupu. Sikukuu ilipofika dada zake walikuja wakaniagiza "lile ua jeusi". Baada ya hapo nimeoka za harusi kule Shimoni, na ya ubatizo wa mtoto wa mpishi niliyefanya naye kazi hotelini. Nimejifunza kupaka chombo siagi mpaka ndani ya mifereji na kunyunyiza kakao badala ya unga, ili ua lisitoke na madoa meupe. Nimejifunza pia saa ya kugeuza. Ukiwahi, inavunjika. Ukichelewa ikapoa kabisa, inang'ang'ania. Kuna wakati katikati ambapo chombo bado kina joto lakini unaweza kukishika kwa kitambaa kimoja. Nami pia nazuia pumzi. Nilijishuhudia nikizuia, na sikupenda.

Mwezi uliopita, mvua zikiwa bado nzito, Bi Mejumaa alikuwa ananisaidia kukausha chombo. Anapenda kukishika. Aliingiza vidole kwenye bomba kama nilivyofanya mimi.

"Hiki si cha dukani kwetu. Umekitoa wapi?"

"Mama alinitumia."

"Kilikuja na nini?"

"Kitupu," nikasema.

Nilingoja anihurumie. Yeye alipulizia bomba, akafuta tena.

"Kilikuwa chako, akakurudishia? Au ni chake?"

"Ni chake."

"Ulikuwa umemwazima kitu?"

"Hapana."

"Basi hajarudisha chochote. Cha mtu ukirudisha ndicho unatia kitu. Hiki amekupa. Cha kupewa unakijaza wewe mwenyewe." Akanipa. Kisha akaongeza, kama mtu asiyetaka kudaiwa maneno yake, "Au alikukasirikia kweli. Wanawake wengine wana hasira ndefu. Mimi mamako simjui, Mwalimu. Muulize."

"Hapokei simu yangu."

"Lo! Basi mmefanana."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, nayo yananifuata hata ninapochota maji. Nina njia mbili za kukielewa chombo kile na zote zinasimama. Ya kwanza, ulikitoa ili usinione tena ukikiona. Ya pili, ulikitoa kwa sababu mtu anayekwenda kuoka kwa watu anahitaji chombo, na wewe hujui kuandika kadi ya kumtakia mtu heri, hukuwahi kujua, hata siku nilipofaulu ulinichinjia kuku ukaenda kulala mapema. Nimesomeshwa, na wewe ndiye uliyenisomesha, kwamba jambo lenye maelezo mawili haliamuliwi kwa kukaa ukilifikiria. Linajaribiwa. Nimechelewa kulijaribu kwa sababu likikaa kama chombo chini ya kitanda, haliwezi kunijibu vibaya.

Nikuambie na lile jingine wazi, lisije likajificha nyuma ya keki. Mwakio ananiambia shule bado haijapata mwalimu wa kemia na kwamba mwalimu mkuu akikuona kanisani huuliza kama nimebadili nia. Sijabadili. Sitarudi kufundisha, Mama. Si kwa dharau ya kazi ile wala ya kuniombea kwako. Jioni ninamfundisha Riziki hesabu za kemia na ninaona kwamba ninajua, na ninaona pia kwamba ikiisha ninashukuru imeisha. Nikiwa nimeinamia sufuria sishukuru ikiisha. Sijui kulieleza zaidi ya hapo. Ninajua ulisimama jikoni mwa watu miaka yote ili mimi nisisimame jikoni, na najua ninachokwambia kinasikikaje kwako. Nimekisema kwa sauti kabla ya kukiandika.

Nisalimie Mwakio na umwambie aache kunisemea uko shambani, hajui kudanganya. Nisalimie shangazi wa Mgange, dada yake marehemu Baba, umwambie dawa ya kifua aliyonipa bado ninayo. Wasalimie wakwe wa Mwakio, na yule mama mzee jirani anayefuga nyuki, na mchungaji wetu na mkewe. Bi Mejumaa anakusalimu. Amesema nikuandikie hivi: anayekusalimu ni mwenzako. Riziki naye anasema shikamoo, na anauliza kama ni kweli huko mnalala na soksi.

Mzigo ulioletewa pamoja na barua hii ni chombo chako. Nimekikabidhi kwa kijana wa basi la Voi na Mwakio atakipokea stendi. Safari hii ukikung'uta gunia utakuta kitu: keki imo ndani, ya kakao na tui. Nimesaga na ganda la limau nikatia, ili pua yako isiikatae. Sikuigeuza. Niliiacha ipoe mle mle, kinyume na nilivyojifunza, kwa hiyo itakuwa imeng'ang'ania. Kiweke chombo juu ya jiko kidogo, moto wa kufa, mpaka ukigusa pembeni usikie uvuguvugu, siagi itaachia. Kisha funika kwa sahani, shika kwa kitambaa, ugeuze. Hiyo ni kazi yako na sikutaka kukunyang'anya. Petali likibaki kwenye mfereji, usisikitike, lile ndilo tamu.

Ukishakula, chombo kitakuwa mkononi mwako. Kama ulikitoa ili kisirudi, kirudishe juu ya kabati. Kitakuwa kimerudi kwa mwenyewe na hakikuja kitupu, na mimi nitajua, wala sitapiga simu kukuuliza. Bi Mejumaa ana sufuria za mviringo, nitaoka humo. Lakini kama ulinipa, basi sasa ni changu na kiko kwako. Nirudishie, Mama. Na kwa kuwa ninaishi huku sasa, kirudishe kama vinavyorudishwa huku. Ndimu moja inatosha.

Ni mimi bintiyo,
Wakesho