Udongo Mweusi Nyuma ya Ukuta wa Mama

Migosi, Kisumu.
Tarehe 14 Aprili 2025.

Mpendwa kaka Joram, wuod minwa, mwana wa mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Joto ya Mombasa inawasumbua aje? Mtoto wenu Winny ameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima, isipokuwa miguu ya Mama. Ngazi ndio hawezi kabisa. Mvua nayo ni kila jioni.

Barua nimempa Brandon, kijana wa jirani anasafiri kuja huko, akupee kwa mkono. Simu siwezi, bibi yako Lorine huweka spika, na haya mambo ni ya ndugu yake.

Kaka, nimekasirika. Ile chumba ya chini kwa nyumba unatujengea, ulisema ni ya Mama, ukuta wake wa nyuma umeshikana na mlima. Ulituma kokoto ijazwe hapo nyuma, na bomba ya mashimo ilale chini, ndio maji ipate njia ya kutoka. Sasa sikia. Kokoto shemeji yako Tom, uliyempa kusimamia mjengo, ameimwaga kwa geti, eti picha anakutumia zitoke poa. Bomba watu wa mjengo wanaanikia nguo. Nyuma ya ukuta amerudisha ule udongo mweusi tulichimba hapo hapo, kama ule wa mashamba ya Ahero, ikinyeshewa inavimba kama mandazi. Wamerusha yote mara moja, hata kushindilia hawakushindilia.

Mvua ya kwanza, ukuta ikatoa jasho. Ikinyesha tena ikapasuka katikati, na sasa imefura kuja ndani. Hapo ndio kitanda ya Mama itakaa.

Nilimwambia Tom. Unajua vile kuongea mbele ya watu hunishinda. Akacheka na mafundi wake: "Omera, jamani, bubu ameongea! Injinia wa darasa la nne!"

Nikageukia Mama anisaidie. Mama alikuwa anamkatia kuku. Kila Tom akikuja ni kuku, juu ya kuwa ni mkwe.

"Okinyi, mkwe hagombezwi," akasema. "Wacha mtu ale."

Yaani anampikia kuku mtu anamchimbia kaburi!

Hii heshima ya ukwe imenichosha. Angekuwa fundi wa kawaida tungemfukuza kitambo. Najua wewe pia utaona haya. Usione haya, kaka. Mpigie aache. Udongo itoke yote, ukuta ijengwe upya, kokoto irudi mahali pake.

Mama alitaka kuhamia Jumapili. Nimefunga hiyo chumba, ufunguo iko kwa mfuko yangu, na leo asubuhi nimeanza kutoa udongo na jembe, pekee yangu. Tom ameenda akisema nimemtusi. Mama haongei na mimi, ananiwekea tu chakula kama mgeni. Wacha aninunie. Mtu akinuna, si yuko hai?

Msalimie Lorine, lakini asisome hii kabla hujampigia ndugu yake. Mwambie Winny baba mdogo anamkumbuka. Shangazi Dorca pia anawasalimia. Mungu awafunike na mkono wake.

Mdogo wako anayekupenda hata na hasira hii,
Okinyi