Shairi Lililofika Sokoni

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaykum. Mvua imenyesha, alhamdulillahi, na ngamia wa babu yako wana maziwa.

Unauliza utajuaje kama tamasha mnalolitathmini huko Mombasa limefaulu. Miaka ya tisini nilihariri ripoti ya tamasha la mashairi la hapa Garissa. Mwenzangu, mgeni kutoka Nairobi, aliandika, "Washairi hawakupigiwa makofi. Limeshindwa."

Nikamwambia, "Wallahi, hiyo sipitishi. Twende sokoni kwanza."

Huko tulimkuta muuza maziwa akighani shairi lililosomwa tamashani jana yake, neno kwa neno. Hakuwepo kwenye tamasha; alilipokea kwa jirani. Mwenzangu akacheka, akaifuta sentensi yake.

Kwetu shairi zuri husikilizwa kimya, lipate kukaa kichwani. Basi usiwaulize waliokuja tu. Waulize ambao hawakuja.

Ayeeyo, bibi yako