Kipande Kilichobaki Kikavu

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mkono uliounguzwa na ile betri iliyovimba bado unavuta nikishika bisibisi. Kifua chako kimepona?

Kile kipande cha utando wa betri ulichoniletea nimekibandika juu ya meza ya kazi. Anayeleta simu kutengenezwa lazima akione: binti yangu anaunda betri isiyo na majimaji ndani, unaikunja na haishiki moto. Natamba hadi wananichoka. Ila ulisema chumvi iliyomo hunywa unyevu wa hewa, siku moja tu utando unanata, ndiyo maana mnaushikia ndani ya sanduku la kioo. Hiki kina miezi miwili hapa na ni kikavu kabisa. Au ni mimi sikuelewa?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona, roho ndiyo inaumwa.

Ulielewa vizuri. Nilikukatia kwenye ule utando ambao bosi huwakunjia wageni wanaokuja kutoa pesa. Nimeupima: hauna chumvi hata chembe, plastiki tupu. Wetu wa kweli hupasuka ukifika mkunjo wa arobaini. Yeye anakunja huo wake mara mia huku anatabasamu, na wageni wanapiga makofi. Jana mchana alikuja kukaa mezani kwangu, nikahamisha sahani yangu. Ananitia kinyaa. Sasa anataka nisaini ripoti kwamba huo ndio tuliopima. Nikikataa, nifungashe.

Bintiyo

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Usisaini. Fungasha uje, meza yangu inatosha mafundi wawili. Huyo bwana angejua harufu ya ngozi inayoungua, asingekenua meno. Wateja wakiuliza habari za betri yako, nababaika.

Baba yako

12 Julai

Baba,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Samahani kwa kimya changu.

Nilisaini. Siku ile nilinawa mikono mara tatu na bado nikajiona mchafu. Nimepewa ofisi yenye dirisha, na siku hizi wageni nawakunjia mimi. Nimeshazoea kutabasamu. Huenda mwakani tukapata wa kweli usiopasuka. Usinichukie.

Bintiyo

30 Julai

Barua nimeipata. Mkono umepona.

Humu ndani nimekurudishia kipande chako, sikitaki mezani kwangu. Bado kikavu.

Fundi simu