Ndimi Nane za Kukunia Nazi

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Mume wangu ni mhunzi. Tangu jana saa nne. Miaka kumi na minane Khalfani amegawa majembe stoo ya kiwanda, akiandika nani kachukua ngapi. Sasa kapunguzwa kazi, na kumbe utaalamu ulikuwa ukimwingia kwa harufu! Mvukuto wa kupulizia makaa kaushona kwa ngozi ya kochi letu. Lilikuwa la watu watatu. Sasa la wawili.

Alhamisi, 6 Oktoba
Kaahidi mbele ya mama yake: harusi ya dada yake Raudha, Jumamosi ya wiki ijayo, atafua mwenyewe ndimi nane za mbuzi za kukunia nazi. Mama mkwe kalia kwa furaha. Mie nimelia pia, kwa sababu zangu.

Jumapili, 9 Oktoba
Ulimi wa kwanza, wa springi ya gari, umejaribiwa. Nazi ni nzima. Meno yamekatika kama biskuti. Sita. Nimeokota matano. La sita sijui nani kalila. Fundi anasema chuma kilikuwa cha moto mno alipokitia majini. Wa pili akautia umepoa—umepinda kama kijiko. Maendeleo!

Jumatano, 12 Oktoba
Ziko nane. Kila mmoja kaugonga nukta tatu kwa msumari, alama yake. Kazipanga dirishani. Anazihamisha, anazirudisha. Tangu barua ya kiwandani sijamsikia akipiga mluzi. Leo kapiga.
Alipotoka nikajaribu mmoja. Meno mawili chini. Sikusema.

Ijumaa, 14 Oktoba
Asubuhi Buguruni, kwa Mzee Sadallah, mhunzi asiyejitangaza. Nikampa doti yangu mpya ya kanga, ya kuvaa harusini, akanipa ndimi nane. Khalfani alipokwenda msikitini nikazigonga nukta tatu tatu, nikazipaka masizi. Zake nimezitumbukiza chooni. Zimezama vizuri—kazi pekee ziliyoifanya bila kukatika.

Jumamosi, 15 Oktoba
Nazi mia mbili zimekunwa kabla ya adhuhuri! Bi Chausiku, mpishi mkuu, kamwita Khalfani mbele ya akina mama wote: "Wee mwanangu wee, njoo nikuone mikono! Hii mbuzi au wembe?" Vigelegele. Mama mkwe kalia tena. Bi Chausiku anataka ishirini za wapishi wake. "Hizi hizi, usinibadilishie."
Khalfani akachukua mmoja, akapitisha kidole kwenye meno. Moja moja. Yote yapo. Akachukua wa pili. Yote yapo. Akaniangalia mie, akaiangalia kanga yangu kuukuu.
"Utazipata, Bi Chausiku."
Njia nzima kanitangulia. Tumefika, katundika kanzu, kawasha makaa uani. Nyundo imelia mara tatu, ikanyamaza. Sasa ananiita.
"Tunu! Njoo uvukute. Si wewe ndiye mhunzi humu ndani?"
Kwa sauti siwezi kujua kama anacheka. Kanga nimeikaza. Naiweka kalamu, naenda kuvukuta.