Vitambaa vya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Wewe bibi wewe! Wiki tatu hujalifungua daftari hili. Mikono ilikatika? Macho uliyaazimisha? Umejifunza herufi uzeeni, ukalia kwa raha siku ulipoandika jina lako, halafu daftari ukalitupa chini ya godoro! Aibu. Mwalimu wangu ni mjukuu wangu Kiroboto, miaka tisa, mdomo wa miaka tisini. Akijua nimekuwa mtoro atanichapa.

Haya. Asubuhi nimefuta kizingiti cha dirisha la Kiroboto, kama kila Jumatatu. Kipande cha shuka kuukuu — futa mara moja, tundika kwenye kamba nyuma ya mlango wa jikoni. Miezi minne sasa, tangu mabomba yapasuke kwenye ofisi ya binti yangu na wafanyakazi wote waambiwe wafanyie kazi nyumbani. Ofisi iko mwisho wa mtaa huu huu. Magari yao yote yalikuwa yanapita hapa dirishani. Yanajipanga, yananguruma, yanatutemea moshi. Kitambaa cha kwanza kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Cha leo? Chai ya maziwa mengi! Na Kiroboto hajaigusa dawa yake ya kuvuta, wiki ya saba hii. Pumu imenyamaza.

Sasa mabomba yamepona. Meneja anataka watu warudi Jumatatu ijayo. Situlii. Jikoni nimeshafagia mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa kwenye kompyuta, mezani kwangu, nami namenya vitunguu. Binti yangu kamwambia meneja, magari yasipokuja hewa inakuwa safi, mwanangu anapumua. Meneja kamuuliza, wewe unakuja kazini kwa miguu, dakika tano tu, kinachokuuma nini? Kamjibu: wewe unapita na gari lako, mimi nabaki na moshi wako. Safi! Damu yangu hiyo!

Meneja kacheka, kataka ushahidi. Nikaingiza kichwa kwenye kamera, kitunguu mkononi. Upo, nikamwambia, Ijumaa utauona! Ofisi nzima imeniona na kilemba cha kulalia. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Tumegombana. Meneja kaandika, eti umeme wa nyumbani nao si uchafuzi? Nikasema ukweli usemwe. Binti anachemsha birika mara kumi kwa siku, kila mara kikombe kimoja! Feni nayo inapuliza kiti kitupu. Kanuna. Mama, uko upande wa nani? Upande wa mapafu ya mtoto, mama. Chemsha mara moja, tia kwenye chupa, basi.

Mwishowe binti kamjibu meneja, kayaandika yote, hata hilo la kumtia aibu.

Vitambaa kumi na saba viko kwenye kamba, toka cheusi mpaka cha chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha!

Mkwe wangu, mume wa binti — mtu mwema, Mungu amlinde nisimnyonge — kavifua. Vyote! Kaviloweka kwenye dawa ya madoa, kavipiga pasi, kavikunja. Kisa? Miaka kumi namwimbia kwamba kitambaa kichafu hakilali kwenye nyumba yangu. Kasikia leo naonekana mbele za watu, akataka niheshimike. Kasimama mlangoni: Mama, nimekosa wapi? Nimjibu nini? Ni mdomo wangu mwenyewe.

Saa nne, mkutano. Meneja kauliza: bibi, mbona vyeupe? Vicheko. Binti kafunika uso kwa mikono. Nikasema: meneja mwanangu, nimeumbuka, cheka ushibe. Ukishiba, chukua kitambaa chako uje ufute mwenyewe.

 Kasema Jumatatu wote warudi.

Jumatatu, 10 Machi

Magari yameanza saa moja. Honi! Nimehesabu mpaka sitini, nikaacha. Binti kachukua mkoba kaondoka, hakunitazama machoni.

Saa mbili Kiroboto kakohoa. Kikavu. Tena. Tena. Nimefungua droo, nimetoa dawa. Kavuta mara mbili. Kajilaza, mkono wake ndani ya wangu, leo hana mzaha. Neno pumu nimeliandika bila kumuuliza herufi zake.

Mara gari likasimama chini ya dirisha. Meneja! Mfupi kuliko alivyo kwenye kompyuta. Kitambaa cheupe mkononi, bado kina mikunjo ya dukani. Bibi, nimekuja kufuta. Na injini inanguruma mgongoni kwake! Zima gari kwanza, baba, mtoto yuko humu ndani. Kageuka kama aliyeungua. Kazima.

Kafuta. Rangi ya chai bado, maziwa yamepungua kidogo. Kakitazama kitambaa, kamtazama mtoto kupitia wavu wa dirisha. Kifua kinapanda, kinashuka. Hakucheka. Kaniachia kitambaa: niwekee, nitarudi Jumatatu tufute kingine, tulinganishe. Siahidi kitu, bibi.

Kisha kaenda ofisini. Kwa miguu! Gari kaliacha hapo hapo, na hapo lipo mpaka naandika.

Sikiliza, bibi wewe. Jumatatu ukirudi hapa, usianze na porojo. Futa kwanza. Andika rangi, na mtoto kavuta dawa mara ngapi. Na hiki kitambaa cha meneja kifungie sandukuni, ufunguo utie kifuani — mkwe yupo nyumbani wiki nzima.