Majibu ya Mama Kuhusu Moyo Wake

Kaka,

Huku hatujambo, na paa limezibwa. Sasa nisikilize, maana nimechoka kukustahi.

Ulimwandikisha mama kwenye utafiti wenu wa moyo, ukasema wenye maumivu mtawapigia simu kila wiki, wazima mara moja kwa mwaka. Kila Jumatatu mama huvaa gauni lake la sherehe, akaisubiri simu yako. Unamsomea maswali kama karani. Kifua kinabana? Anasema kinabana. Unaandika, unakata.

Jana kabeba ndoo mbili za maji, hata hakuhema. Nikamuuliza mbona anakudanganya.

“Nikisema sina maumivu,” akaniambia, “mwanangu nitamsikia lini tena?”

Futa majibu yake yote. Halafu mpigie, umuulize ameamkaje.

Mdogo wako